Vitufe Viwili vya Kulia

Kuna Jumamosi moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, na kila mnapoanza mazoezi hapo nyuma ya ukuta wangu inanirudia kana kwamba ilikuwa juzi. Nawasikia nyinyi vijana wa bendi ya parokia. Mmoja anaongeza sauti ya gitaa lake, mwenzake naye anaongeza, wa besi anakasirika anawapita wote wawili, na mwisho mimi bibi kizee nainuka kufunga dirisha. Sijawahi kupiga gitaa maishani mwangu. Lakini kwa miaka mingi, katika mji huu huu wa Likasi, kulikuwa na bendi nzima ya wanaume ambayo haikuanza wimbo mpaka mimi niseme tayari. Usicheke. Vuta kiti, uweke hilo gitaa chini kidogo, nikueleze ilivyokuwa.

Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire. Mume wangu alifanya kazi kwenye mashine za kuponda mawe ya shaba, yale mapande makubwa yanayoingia upande mmoja na kutoka upande wa pili yamekuwa kokoto. Jina lake la ubatizo lilikuwa limekatazwa na serikali, kama yalivyokatazwa ya kila mtu wakati ule, kwa hiyo kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi, aliitwa kwa jina la binti yetu wa kwanza, Baba Ngalula. Nami nikawa Mama Ngalula, na hata leo ukiuliza jina langu lingine watu wengi hawalijui. Asili yetu ni Kasai. Babu yake aliletwa huku kuchimba shaba, akasema atakaa kidogo kisha arudi kwao, na kaburi lake liko hapa.

Ninataka uelewe jambo moja kabla sijaenda mbali. Kila kitu tulichokuwa nacho kilikuwa cha Kampuni, ile iliyochimba shaba. Nyumba ilikuwa ya Kampuni, unga wa mahindi tuliokula ulitoka Kampuni, na kitanda nilichojifungulia Ngalula kilikuwa cha hospitali ya Kampuni. Hata asubuhi ya mume wangu haikuwa yake, kwa sababu kabla ya kazi walipangwa uwanjani waimbe na kukata viuno kumsifu mkubwa wa nchi, upende usipende. Kitu kimoja tu alichoweza kusema ni changu, ukiacha mimi na mtoto, kilikuwa gitaa. Alikuwa nalo kabla ya kunioa. Nilipofika nyumbani kwake nilijua nimeingia kwa mwenye mke mkubwa tayari.

Desturi ya kambi zetu ilikuwa kwamba kila kikosi cha kazi kina timu yake ya mpira na bendi yake. Watu wa tanuri na watu wa reli walikuwa na zao, nao wa mashine za kuponda mawe wakawa na yao. Bendi hiyo mume wangu ndiye alikuwa mpiga solo. Kasongo, rafiki yake wa tangu utotoni, alipiga besi. Mpiga ngoma, waimbaji, wote walikuwa wanatoka kwenye vumbi lile lile na kelele zile zile. Jumapili mchana walipiga kwenye serkle, ule ukumbi wa wafanyakazi wenye paa la mabati, na sisi wanawake tulivaa vitenge vyetu vizuri tukaenda kucheza.

Kisha ikaja ampli mpya. Unajua ampli, hilo sanduku la kukuzia sauti. Ile ya zamani ilikuwa na vitufe vitatu tu vya kuzungusha, na ilikuwa inakoroma kuliko marehemu baba mkwe wangu. Hii mpya ilikuwa na kitu walichokiita egalizeri. Mbele yake palikuwa na safu ya vitufe vidogo vinavyoteleza juu na chini, kila kimoja kikishika sehemu yake ya sauti. Vya kushoto vilishika zile nzito, vya katikati vilishika zile ambazo mtu huzungumzia, na vya kulia vilishika nyembamba, zile za makali. Ukivipanga, safu inachora mstari, huku kilima, huku bonde, na ukitazama mstari huo unaona sura ya sauti kabla hujaisikia. Juu ya sanduku palikuwa na spika nyingine ndogo, kazi yake kutoa zile nyembamba peke yake. Wanaume waliizunguka ampli hiyo siku ya kwanza kama wanavyomzunguka mtoto mchanga, kila mmoja anataka kuibeba.

Sasa sikia yaliyotokea. Jumapili ya kwanza walipopiga na egalizeri, sauti ilitoka kali, mwanangu, kali ya kuingia kwenye meno. Kila mume wangu alipogusa uzi mwembamba, kitu kilinichoma ndani ya sikio. Nikawatazama wanawake wenzangu. Mmoja alikuwa amekunja uso, mwingine amebeba mtoto aliyekuwa akilia, anatoka nje. Wimbo wa pili wakatoka wengine. Ilipofika katikati ya mchana ukumbini walikuwa wamebaki wanaume, wanacheza wao kwa wao, na jukwaani wanaume wale wanatabasamu na kuambiana kwa ishara kwamba sauti iko safi.

Tulipofika nyumbani mume wangu aliniambia kwa huzuni kwamba wanawake hawaupendi wimbo wake mpya. Nilidhani labda ndivyo sauti ya kisasa inavyotakiwa kuwa, na mimi nilikuwa nani wa kuikosoa ampli iliyotoka dukani? Wengine waliosikia vibaya nao walifikiri hivyo hivyo, kila mmoja na moyo wake. Jumapili iliyofuata nilichana pamba kidogo, nikaitia masikioni chini ya kilemba, nikaenda kukaa mstari wa mbele ili aone kwamba kuna mwanamke mmoja aliyebaki. Niliona nimefanya jambo la mapenzi makubwa. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma, na nilisikia nusu tu ya anachopiga.

Yalikuwepo mambo mengine niliyoyaona nisiyaunganishe. Baba Ngalula alikuwa na mzaha wake wa jioni. Tukikaa mlangoni baada ya chakula, angesema nyenje walikataa kupanda treni kutoka Kasai, ndiyo maana huku Likasi hakuna hata mmoja. Nilicheka kila mara. Nyenje walikuwa wanalia kwenye majani hapo hapo miguuni pake, nami nilicheka kwa sababu niliona ni uongo wa kuchekesha. Na siku moja nilimwachia samaki wa ziwa Tshangalele kwenye kikaango, nikamwomba awageuze mafuta yatakapoanza kulia. Niliporudi kutoka kwa jirani samaki walikuwa makaa, naye amekaa kando ya mbabula, jiko letu la makaa, akisugua nyuzi za gitaa, akaniambia mafuta hayakulia. Niligombana naye siku hiyo kwa sababu ya samaki. Nilimwambia gitaa limemla akili.

Basi mdogo wake, Kapinga, akapata mchumba, na siku ya ndoa ikapangwa. Bendi ya kaka ndiyo ingepiga, hilo halikuhitaji mazungumzo. Kwa ajili ya ndoa alikuja kwa treni kutoka Kasai, alikoolewa, shangazi yao, Mama Mbombo, mwanamke mkavu, mfupi, mwenye macho yaliyoanza kuingia ukungu na ulimi usio na ukungu hata kidogo. Alifikia kwetu akaanza kushona gauni la bi harusi kwa mkono. Jumapili ile alikwenda nasi serkle. Aliketi karibu nami, akavumilia nyimbo mbili, kisha akanisemesha jambo nisilolisikia. Akaninyanyulia ncha ya kilemba, akaivuta ile pamba mwenyewe.

Aliifumbata mkononi mpaka tulipofika nyumbani. Mume wangu alikuwa ametangulia na wenzake wakibeba ampli, maana ililala kwa kila mwanabendi kwa zamu, na wiki ile zamu ilikuwa ya kwetu. Mama Mbombo akaifungua ngumi yake, pamba yangu imo ndani.

"Hii ni ya nini? Weye uko na ugonjwa mu masikio?"

Nikamweleza yote, na jinsi nilivyoona ni afadhali nivumilie kuliko kumvunja moyo.

"Weye unafunga yako masikio," akasema. "Banamuke bengine banatoka inje. Yeye njo atabakia mu salle ya serkle, na gitare yake, peke yake. Ile njo mapendo gani?"

Hayo ndiyo mapenzi gani, ndilo swali lake, nami nikajitetea kwamba sijui mambo ya gitaa, nitamwambia nini? Akanijibu kwamba kama sijui basi nimwombe anifundishe, mwanamume hakatai kufundisha. Kisha akarudi kwenye kushona kwake. Nilikasirika, nisikufiche. Mtu ametoka Kasai jana, anakuja kunipangia nyumba yangu. Lakini usiku ule nililala nikiitafuna ile kauli yake, na asubuhi ilikuwa bado mdomoni.

Jumamosi ninayoisema ndiyo iliyofuata. Ilikuwa mchana, mvua imekwisha kunyesha, mlango uko wazi. Mume wangu alikuwa sebuleni mbele ya ampli akiitengeneza kwa ajili ya ndoa. Nikaleta kigoda, nikakaa karibu yake, nikamwomba anieleze kila kitufe kinafanya nini. Ungemwona uso wake. Miaka yote ile ya ndoa, sikuwahi kumuuliza. Akamwita na Ngalula, aliyekuwa mdogo wa kukaa mapajani, ili naye ajue.

Akaanza kushoto. Alikuwa mwalimu mzuri, sikujua. Alikipandisha kitufe kimoja mpaka juu, akapiga, kisha akakishusha mpaka chini, akapiga tena, ili nisikie kilichoondoka. Cha kwanza kilileta mtetemo ambao vikombe kabatini viliusikia kabla yangu. Hicho akakiacha chini. Alisema uzito ni wa Kasongo, na gitaa la solo likiutaka uzito nalo, mtamsikia Kasongo kama mtu aliyefungiwa chooni. Akaja vya katikati. Hivyo alivipandisha kidogo, kidogo tu, akasema hapa ndipo gitaa linapoishi. Wapiga gitaa wengi wakiwa peke yao nyumbani huvishusha vya katikati na kupandisha vya pembeni, kwa sababu chumbani sauti inakuwa tamu. Wakiingia kwenye bendi wanapotea, wanaanza kuongeza nguvu, jirani naye anaongeza, na vita imeanza. Mwanangu, nilipokusikia juzi nyuma ya ukuta nilimkumbuka neno kwa neno.

Halafu akafika mwisho wa safu. Vitufe viwili vya kulia vilikuwa juu kabisa, vimegota. Akavipita kama mtu anavyopita mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Nikamuuliza, na hivi?

"Hii mbili ya mwisho haitumike," akasema. "Ilitoka ku magazini, ku duka, namna hii. Tulijaribu sisi bote, Kasongo, batu yote ya bendi. Hakuna kintu inabadilika. Naiacha kule juu tu, pengine siku moja itaamuka."

Akakishusha cha mwisho na kukipandisha tena, huku akipiga uzi mwembamba, kunionyesha kwamba hakuna kitu. Ngalula akaziba masikio yake kwa mikono miwili.

Nikakiona kila kitu kwa pamoja, mwanangu. Samaki, nyenje, wanaume wanaotabasamu jukwaani, wote watoto wa mashine moja. Kelele za kuponda mawe zilikuwa zimewala masikio, wasisikie tena zile sauti nyembamba. Nilitamani Mama Mbombo angekuwa hajaja, nirudi kwenye pamba yangu. Lakini alikuwa pale pale kwenye kona, na sindano yake, hajanyanyua uso.

"Baba Ngalula," nikasema, "inatumika."

"Apana."

"Inatumika. Inatuumiza masikio. Njo ile inafukuza banamuke."

Hakukasirika. Alikuwa fundi, na fundi akibishiwa hutaka kupima. Akaniambia nigeuke nitazame ukuta. Akasema atapiga sauti ile ile, na kila atakapokuwa amekipandisha kitufe, mimi ninyanyue mkono. Nikageuka. Akapiga, nikanyanyua. Akapiga, sikunyanyua. Akarudia, akabadilisha mpango, akajaribu kunidanganya kwa kukiacha chini mara kadhaa mfululizo. Sikukosea hata mara moja, kwa sababu hakukuwa na cha kukosea, ilikuwa kama kuulizwa kama jua liko nje. Nikasikia anamwita Ngalula, anampanga ukutani kando yangu. Mkono wangu na mkono wa mtoto ikawa inapanda pamoja na kushuka pamoja.

Kisha hakupiga tena. Tulibaki tumetazama ukuta, mimi naogopa kugeuka.

"Na nyenje?" akauliza.

Nikageuka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya nyuzi, kuzituliza.

"Nyenje iko hapa Likasi?"

"Iko mingi," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu minye nilifika."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa msiba wa mtu wa mbali. Akalitoa gitaa shingoni, akalipangusa, akalilaza kwenye sanduku lake akafunga kufuli zote. Akatoka nje akasimama kwenye majani pale mlangoni, mchana ule, wakati ambao hata sisi wenye masikio hatuwezi kusikia nyenje. Nilimtazama kutoka dirishani na nililia. Nilimwonea uchungu na nilijionea uchungu mimi, kwa miaka yote niliyocheka mzaha ambao haukuwa mzaha.

Wiki ile nzima hakuligusa gitaa. Alikwenda kazini, akarudi, akala, akalala. Kasongo alipokuja kumwita mazoezini alimwambia watafute mtu mwingine wa solo, yeye amechoka. Kapinga akaja analia, atafungaje ndoa bila bendi ya kaka yake? Akamjibu kwa upole kwamba ataomba bendi ya watu wa reli. Mimi alinieleza ukweli tulipokuwa peke yetu. Alisema amekuwa akiwapiga watu na kitu asichokiona, kama kipofu mwenye fimbo sokoni. Alisema mwanamuziki asiyesikia hana la kufanya jukwaani. Nilitafuta neno nikalikosa, nikamshika mkono tu.

Aliyelipata ni Mama Mbombo. Siku moja kabla ya kupeleka vyombo serkle, tulikuwa wote sebuleni. Gauni la Kapinga lilikuwa limekwisha, limetandikwa kitini, jeupe, na mishono midogo iliyonyooka hata fundi wa cherehani angeionea wivu. Shangazi alikuwa anamalizia pindo la mwisho. Uzi ukamwishia. Akanyoosha sindano hewani bila kusema, na Ngalula akaja, akaupenyeza uzi, akarudi kwenye mchezo wake. Kumbe ndivyo ilivyokuwa tangu alipofika, nasi hatukuwahi kulitilia maanani.

"Weye mwana ya kaka yangu," akamwita mume wangu, akiongea kwa nguvu ili asikie vizuri. "Tundu ya shindano, minye siione tena. Ngalula njo ananiingizia uzi. Sasa niambie. Ile kanzu ya Kapinga, nani alishona? Ngalula, ao minye?"

Mume wangu akalitazama gauni.

"Njo weye, mama."

"Bon," akasema shangazi, akaendelea na pindo lake.

Mume wangu akainuka akalileta lile sanduku la gitaa, akalifungua. Akaja mpaka nilipokuwa. Aliniambia vitufe vyote vya kushoto na vya katikati ni vyake, anavijua na vinamjua. Vile viwili vya kulia ni vyangu. Nitasimama karibu na ampli siku ya ndoa, mbele ya watu wote, na atakuwa ananitazama mimi. Nikamuuliza kama haoni haya kuongozwa na mke wake hadharani. Akacheka, ndiyo mara ya kwanza wiki ile, akasema Jumapili hizi zote alikuwa anapigia ukumbi wa wanaume watupu, haya zaidi ya ile ataitoa wapi?

Siku ya ndoa nilivaa kitenge changu cha bluu, nikasimama pale kama askari. Kabla watu hawajafika walipiga kidogo kujaribu, nami nikavishusha vile viwili mpaka chini kabisa, kwa kisasi. Ukumbi mtupu wa bati, kila sauti inaruka ukutani inarudi, nikaona gitaa limekuwa laini kama uji, nikajipongeza. Kisha watu wakatoka kanisani, wakaingia wote, na nguo zao na watoto wao. Wimbo wa kwanza ukaanza na mimi nikashtuka. Gitaa lilikuwa limezibwa, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Miili ya watu ilikuwa imezinywa zile sauti nyembamba, na mimi nilikuwa nimekwisha kuziondoa kabla. Watu walipiga makofi kwa adabu, lakini miguu ilikuwa mizito.

Baba Ngalula hakuweza kujua. Kwake sauti ilikuwa ile ile. Lakini aliona miguu ya watu, na akanitazama, akanyanyua nyusi. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kwanza, nikakisogeza juu kidogo, nikasubiri. Akauliza kwa midomo tu, "Bado?" Nikatikisa kichwa, bado. Nikakigusa cha pili, nikakipandisha mpaka niliposikia kucha yake inagusa uzi, mpaka pale tu, nikaondoa kidole. Gitaa likatoka nje ya blanketi, mwanangu. Likasimama katikati ya ukumbi linaongea na kila mtu, na besi ya Kasongo chini yake mahali pake, na sauti za waimbaji juu yake mahali pao.

Nilimtazama nikasema tayari. Akafumba macho akapiga.

Wanawake hawakutoka. Mama Mbombo alikuwa wa kwanza kuinuka, akaanza kuzunguka polepole na kitambaa mkononi, wengine wakamfuata, na Kapinga akaikunja mikono ya gauni lake akaingia katikati yao. Nilisimama pale nimeishika ampli kwa mikono miwili, nisije nikaviacha vitufe vyangu nikaenda kucheza nao. Sijapata kuwa na furaha kama ile tena, hata siku nilipojifungua, maana siku ile nilikuwa na maumivu pia.

Jumapili iliyofuata Kasongo alikuja na mke wake, akasema kwa sauti ya chini kwamba labda na yeye atazamwe. Wakaja na waliobaki, na wake zao. Tukawapanga wake wote ukutani sebuleni kwangu, na waume zao wakapata habari zao mmoja mmoja. Bendi nyingine zilitucheka, zikatuita bendi ya wake. Walicheka, lakini Jumapili walikuwa wanakuja kwetu kucheza. Na mume wangu alipiga gitaa mpaka vidole vilipokataa vyenyewe, miaka mingi baada ya mashine kunyamaza na Kampuni kubaki jina. Gitaa lake unalijua, ni lile analopiga mjukuu wangu hapo kwenu.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike. Mkianza mazoezi, usipandishe kitu kabla hujatafuta cha kushusha. Kila mmoja wenu amwachie mwenzake mahali pake kwenye sauti, hapo hamtahitaji kushindana kwa nguvu na mimi sitafunga dirisha. Sauti uliyoitengeneza peke yako chumbani usiiamini mpaka umeipeleka mbele ya watu, na watu wakijaa uisikilize upya. Na kama kuna kitufe ambacho ukikigusa hubadilishi chochote, usiharakishe kusema kimekufa. Mwite mtu mwingine, hasa yule ambaye hafanyi kazi unayofanya wewe wala hakai unapokaa wewe, umuulize anasikia nini. Watu wa bendi yetu walikubaliana wote, na wote walikosea, kwa kuwa kelele iliyowala ilikuwa moja.

Na ukimwona unayempenda anawaumiza watu bila kujua, usitie pamba masikioni ukaita hiyo heshima. Kaa karibu yake, mwombe akufundishe, na akifika pale asipopajua, mwambie. Mwambie kwa sauti ya chini, nyumbani, na usiondoke baada ya kumwambia. Kumwambia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusimama naye mbele ya watu na kidole chako kwenye kitufe.

Mimi nami nimezeeka. Jana jioni nilikuwa nimekaa mlangoni na mjukuu wangu mdogo wa kike, yule wa mwisho, na kulikuwa kimya, nikaona kimya hicho kimenizidi. Nikamuuliza kama nyenje bado wapo. Akanishangaa. Akasema, "Kaka, iko mingi," maana ndivyo anavyoniita, kwa Kiluba kaka ni bibi. Nikamwambia asogee karibu, awe ananieleza wanavyolia. Basi mwanangu, Mungu akutunzie masikio yako mpaka uone wajukuu. Akupe vidole vyepesi, na bendi ya watu wanaopendana. Na siku masikio hayo yatakapochoka, kwa kuwa yatachoka, asikuache bila mtu wa kukuambia kwamba nyenje wapo.